Wote Wana 17.5, Mbona Mmoja Anaachwa?

Magari mawili yanatoka kona ya mwisho bampa kwa bampa. Ni magari madogo ya umeme yanayoongozwa kwa rimoti. Yote ni ya kipimo cha 1/10, yaani sehemu moja ya kumi ya gari halisi, yote yana mota ya 17.5, na yote yalipita meza ya ukaguzi huku taa za vidhibiti mwendo, vifaa vinavyogawa umeme wa betri kwenda kwenye mota, zikimeta kama kanuni inavyotaka. Mbele yao kuna mita 30 za njia iliyonyooka. Wanapofika mwisho wake, moja limeshamwacha mwenzake kwa urefu wa magari mawili.

Manung'uniko hayakawii. Mmoja anasema mota ile si halali. Mwingine anasema dereva yule si wa daraja hili, apelekwe kwa wajuzi wenzake.

Kwa wiki kadhaa malalamiko haya mawili yamenikaa kichwani, maana yanatolewa kwa pumzi moja kana kwamba ni lalamiko moja. La kwanza linahusu sumaku na waya. La pili linahusu vidole vya mtu. Na vilabu vingi vimepanga ratiba nzima juu ya mchanganyiko huohuo: mota ya polepole iwe ya wanaoanza, mota ya kasi iwe ya waliobobea.

Mpango huo ulikuwa na maana zamani. Sidhani kama bado unayo.

Namba inasema nini

17.5 ni idadi ya mizingo ya waya wa shaba kwenye kila jino la stata, sehemu ya mota isiyozunguka. Mizingo ikipungua, rota, yaani sumaku inayozunguka katikati, inakwenda haraka zaidi kwa volti zilezile. Kutoka 17.5 kwenda 13.5, kwa rota ileile na taimingi ileile (nyuzi zinazoonyesha umeme unabadilishwa mapema kiasi gani rota inapozunguka), unapata karibu asilimia 30 zaidi ya mizunguko kwa dakika. 21.5 ni ya polepole kuliko 17.5, na juu kabisa kuna daraja la modifaidi, ambako kila mtu anachagua idadi ya mizingo anayoiweza.

Enzi za mota za brashi, daraja la stoki, yaani la mota zilizowekewa kikomo, lilikuwa mizingo 27 na taimingi iliyofungwa kwenye nyuzi 24. Juu yake kulikuwa na mizingo 19. Mota hizo zililiwa na matumizi: komuteta, mduara wa shaba unaosuguliwa na brashi, ilihitaji kuchongwa kwenye mashine kila baada ya mbio chache, brashi zikabadilishwa, springi zikachaguliwa kwa ugumu wake. Aliyekuwa na mashine ya kuchonga alikuwa na mota mpya kila mara, na asiyekuwa nayo alishika mkia. Mota zisizo na brashi zilipokuja, 17.5 ikachukua nafasi ya 27, na 13.5 nafasi ya 19. Ahadi ilikuwa moja: hakuna cha kuchonga, basi wote watakuwa sawa.

Usawa ule haukudumu. Hila zilihama kutoka kwenye shaba zikaingia kwenye programu. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 2000 vidhibiti mwendo vilikuwa vinaweza kusogeza taimingi mbele vyenyewe kadiri mota inavyoongeza kasi, kisha kuongeza nyingine pale dereva anapokandamiza kichocheo hadi mwisho. 17.5 ya namna hiyo ilikimbia kama modifaidi ya miaka michache nyuma. Jibu la vyama vya mbio hizi kama ROAR ya Marekani na BRCA ya Uingereza likawa kanuni ya taimingi sifuri kwenye kidhibiti: programu hairuhusiwi kugusa taimingi, na taa imete gari likiwa limesimama ili mkaguzi aone kwa macho. Madereva wenyewe wanaiita blinki.

Blinki ni kanuni nzuri, pengine bora kuliko zote tulizopata tangu brashi ziondoke. Lakini inafunga mlango mmoja tu.

Asilimia tatu

Turudi kwenye urefu wa magari mawili. Gari la 1/10 lina urefu wa sentimita 40 na ushei. Kwenye mita 30, anayekwenda kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 3 anamwacha mwenzake sentimita 90. Kwa hiyo kinachotafutwa si mota ya wizi. Ni asilimia tatu, nazo zinaokotwa kihalali kabisa.

Betri kwanza, kwa kuwa ndiyo inayosahauliwa. Betri ya lipo (lithiamu polima) ya seli mbili iliyojaa ina volti 8.4. Asiyeijaza sawasawa akaingia mbio na 8.2 amepoteza zaidi ya asilimia 2 kabla honi haijalia. Halafu kuna ukinzani wa ndani. Chukua betri mpya yenye miliomu 4 na iliyochoka yenye miliomu 10. Gari linapovuta ampea 40 kutoka kwenye kona, tofauti ya miliomu 6 inakula volti 0.24, yaani asilimia 3 nyingine. Kidhibiti cha blinki hakina namna ya kuzirudisha. Ndiyo sababu wajuzi wa stoki hubadilisha betri mara nyingi kuliko mota.

Halafu gia. Hesabu yake ni meno ya spa (gia kubwa) gawanya kwa meno ya pinyoni (gia ndogo iliyo kwenye mota), mara uwiano wa ndani wa gari; namba ikipungua, kasi ya juu inaongezeka. Bagi, gari la udongo, inayosukumwa na magurudumu mawili na yenye spa 72, pinyoni 31 na uwiano wa ndani 2.6 inapata 6.04. Weka pinyoni 32 na unapata 5.85. Jino moja, asilimia 3. Kwenye gari la lami, spa 96, pinyoni 50 na uwiano wa 1.9 vinatoa 3.65, na huko jino moja ni asilimia 2, kwa hiyo unaweza kukaribia ukomo kwa hatua ndogo zaidi.

Ukomo huo ni joto. Na joto linaunganishwa na taimingi, kwa hiyo siwezi kuvieleza mbalimbali.

Kifuniko cha nyuma cha mota kinazungushwa ili kusogeza bodi ya sensa zinazosoma rota iko wapi, na hivyo ndivyo taimingi inavyobadilishwa. Ukisogeza mbele, mota inapata mizunguko zaidi juu na kupoteza nguvu ya kuvuta chini, huku ikila umeme zaidi. Alama zilizochorwa kwenye kifuniko usiziamini sana. Mota mbili zilizowekwa kwenye alama ya nyuzi 40 zinaweza kuachana kwa nyuzi kadhaa zikipimwa kwenye kichambuzi cha mota, na hata ndani ya mota moja sensa tatu hazikubaliani kila mara. Kwa hiyo wanaojua hawapangi kwa alama. Wanapanga kwa ampea: mota inazungushwa bila mzigo kwa volti maalumu, kifuniko kinasogezwa kidogokidogo, ampea na mizunguko vinaandikwa. Mwanzoni mizunguko inapanda vizuri na ampea zinapanda kidogo. Kuna mahali ampea zinaanza kurukaruka na mizunguko haiongezeki kwa kiasi hichohicho. Unarudi nyuma kidogo na kukaza skrubu hapo.

Uwanjani mtindo ni kuanza na gia ya tahadhari, kukimbiza dakika tatu, kisha kupima joto la mota mara tu gari linapotoka. Ikiwa chini ya nyuzi 60 za sentigredi, jino moja linaongezwa. Mbio kamili ya dakika tano ikimaliza kati ya 75 na 80, acha hapo. Wapo wanaosukuma zaidi na kushinda. Lakini ukinzani wa shaba unapanda kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo mota iliyotoka 25 ikafika 75 ina ukinzani uliozidi kwa karibu asilimia 20, na sumaku ya rota nayo inalegea kadiri inavyopashwa. Ikipashwa kupita kiasi hairudi tena kama ilivyokuwa. Dalili yake inadanganya: mota iliyoungua sumaku inazunguka haraka zaidi mezani, na mwenyewe anafurahi, kumbe ikibeba gari inavuta umeme mwingi na haina nguvu.

Betri, jino, nyuzi chache za taimingi. Hakuna hata kimoja kilichovunja kanuni.

Mota ya moto mezani

Wizi wa kweli upo pia, na unastahili ukaguzi wa kweli. Kanuni za stoki huweka mipaka ya unene wa waya, vipimo vya rota na umbo la stata, na vyama huchapisha orodha ya mota zilizoidhinishwa. Waya mnene zaidi una ukinzani mdogo, na ukinzani mdogo ni nguvu. Kwa hiyo mkaguzi hupima ukinzani kati ya nyaya A, B na C kwa kipimo cha miliomu na kulinganisha na kiwango cha chini.

Hapa kuna shimo ambalo nashangaa halizungumzwi. Mota ikipimwa ikiwa imetoka tu kwenye mbio, ina ile asilimia 20 ya joto juu yake. Stata yenye waya uliozidi unene, ambayo ingeanguka mtihani ikiwa baridi, inapita bila shida ikiwa moto. Mkaguzi anayekimbilia gari la mshindi na kipimo mkononi anampa mwizi faida. Mota ikae ipoe hadi joto la chumba, au kipimo kisahihishwe kwa joto lililosomwa. Zaidi ya hapo, nyaya za kipimo zenyewe zina ukinzani. Kwa namba ndogo hivi kipimo cha kawaida cha fundi umeme hakifai, panahitajika cha nyaya nne.

Rota ni rahisi zaidi, maana kipenyo ni kipenyo. Nguvu ya sumaku ndiyo ngumu, kwa sababu rota za kundi moja la kiwandani hazitoki sawa. Mwenye uwezo wa kununua tano, kuzipima na kubaki na moja ana mota halali ambayo wewe huna. Mota za kugawiwa kwa kura siku ya mbio zinapunguza hilo, haziliondoi.

Hesabu iliyonigeuza

Nilikuwa upande wa wanaodai kanuni kali zaidi za mota: fungeni taimingi, wekeni kikomo cha uwiano, pimeni kila kitu. Kilichonitoa huko ni hesabu ya kawaida ya karatasi ya matokeo.

Chukua mbio ya dakika tano, raundi ya sekunde 20 hivi. Dereva wa kwanza ana raundi bora ya 19.4 na wastani wa 20.1. Anamaliza raundi 15 kwa dakika 5 na sekunde 1.5. Wa pili ana raundi bora ya 19.3, kasi kidogo kuliko mwenzake, lakini wastani wake ni 22.6. Anamaliza raundi 14 kwa dakika 5 na sekunde 16.4.

Gari lenye kasi zaidi limepigwa raundi nzima.

Sasa ziweke zile asilimia tatu za njia iliyonyooka. Nusu ya raundi au zaidi ni kona, ambako mota haina la kufanya, na kasi ya juu inafikiwa kwa muda mfupi tu. Kinachobaki ni sehemu ya kumi au mbili za sekunde kwa raundi, sekunde mbili au tatu kwa mbio nzima. Gari kupinduka mara moja na kungoja mwokotaji aligeuze ni sekunde tano au sita. Anayeanza hupinduka mara tatu na kuonea fahari kwamba hazikuwa nne.

Kwa hiyo kanuni za mota zinaamua nani anashinda kati ya watu wawili wasiokosea. Kwa wengine wote hazigusi kitu. Umuhimu wake uko juu kabisa ya orodha, na sisi tumezitumia kupanga watu wa chini.

Stoki si chekechea

Kuna sababu dereva hodari anabaki 17.5 na hana mpango wa kuhama. Modifaidi ina nguvu nyingi kuliko matairi yanavyoweza kushika. Ukikosea kona unakandamiza na kujikomboa, lakini kidole kisipokuwa na adabu utajikuta ukutani. Stoki ni kinyume chake. Nguvu ni chache, kwa hiyo kasi uliyoitupa kwenye kona hairudi mpaka nusu ya njia iliyonyooka. Mstari uwe safi, breki iwe ndogo, usukani usizidishwe. Na kwa kuwa mota imefungwa, kila kinachozuia gari kinawindwa: beringi zinaoshwa na kuwekewa mafuta mepesi, mkanda unalegezwa kidogo, pengo la gia linapimwa, waya unafupishwa.

Mtu anayefanya yote hayo ndiye unayempanga mbio moja na mtoto aliyefungua boksi jana, kwa sababu tu wote wana 17.5.

Lakini wazo la mota ya polepole kwa anayeanza si bovu, na hapa nilisitasita kwa muda. Nguvu ya mgongano inakwenda kwa mraba wa kasi. Punguza kasi kwa asilimia 10 na umepunguza kishindo kwa asilimia 19, ambazo mara nyingi ndizo tofauti kati ya mkono wa mbele uliovunjika na gari linaloendelea. Kwa hiyo 21.5, au mota ya brashi iliyofungwa isiyofunguka, imfae anayeanza kwa ajili ya gari lake na bega la mwokotaji. Isitumike kama cheti cha ujuzi. Akiweza kuendesha, apande daraja na mota yake ileile kama anaipenda.

Daraja lipimwe kwa saa

Transponda, kidude ndani ya gari kinachosomwa na saa ya uwanja, tayari inarekodi kila raundi ya kila gari. Vilabu vinachapisha raundi bora na jumla, kisha vinatupa kilicho katikati, ambacho ndicho chenye habari.

Chukua wastani wa raundi kumi bora za dereva: hiyo ni kasi yake akiwa hajakosea. Chukua wastani wa raundi zote: hiyo ni kasi yake pamoja na makosa. Pengo kati ya hizo mbili linakuambia ni mwanafunzi wa namna gani. Mwenye pengo dogo na kasi ndogo anahitaji kusaidiwa gari na mstari. Mwenye pengo kubwa na raundi bora nzuri anahitaji kupunguza pinyoni jino moja au mawili, ingawa ukimwambia hivyo hatakusikia.

Mpaka wa daraja usiwe sekunde maalumu. Kapeti inaongeza mshiko kadiri siku inavyokwenda, udongo unakauka na kubadilika, na sekunde 21 za asubuhi si sekunde 21 za jioni. Iwe asilimia ya mtu fulani wa siku hiyohiyo: raundi ya kati (nusu ya raundi zake ni za kasi zaidi, nusu za polepole zaidi) ya mshindi wa fainali A, ile ya juu, ya wajuzi, kwa kundi lilelile la mota. Akiwa na 20.0, daraja la kati linaanzia wastani wa 21.0, na wanaoanza wako nje ya 23.0. Asilimia 5 na 15 ni pendekezo langu, na uwanja wenye kona nyingi utahitaji kuzipanua.

Wanaojificha chini ili wabebe kombe watakuwepo tu. Dawa moja inayotumika ni kuweka kikomo cha raundi, na anayekwenda kasi kukipita anafutiwa matokeo. Siipendi. Inamfundisha dereva kugusa breki kabla ya mstari wa saa, na inamwadhibu aliyepata siku yake njema. Afadhali apandishwe. Wastani wa raundi kumi bora ukiingia ndani ya mpaka wa juu katika mchujo wowote, anahamia daraja la juu kuanzia mchujo unaofuata, na harudi chini msimu huo isipokuwa mwenyewe aombe na wenzake wa daraja la chini wakubali. Anayejificha anaweza kupoteza muda katika raundi mbili tatu. Kuficha raundi kumi na bado akashinda fainali ni kazi ngumu kuliko kuendesha.

Na kanuni za mota?

Zibaki, ila chache na za kuhesabika kwa macho. Kwa madaraja ya chini kikomo cha uwiano ndicho ninachokipenda, kwa kuwa mkaguzi anahitaji kuhesabu meno tu. Kikomo cha chini kikiwa 4.0 kwenye gari la lami lenye uwiano wa ndani wa 1.9, mwenye spa 96 anaruhusiwa pinyoni 45, inayotoa 4.05. Pinyoni 46 inatoa 3.97 na inakataliwa. Lakini kikomo cha uwiano peke yake ni mtego: watu wataongeza taimingi kutafuta mizunguko waliyonyimwa na gia, na mota zitaungua. Kiende pamoja na taimingi iliyofungwa kiwandani, vyote viwili au kisiwepo hata kimoja.

Juu, kwa wajuzi wa stoki, waachiwe gia na taimingi yao. Huko ndiko asilimia tatu zina wenyewe. Wapewe blinki, orodha ya mota, kipimo cha miliomu kwenye mota iliyopoa, basi.

Kuna siku watatokea watu tisa tu: wajuzi wanne, wa kati watatu, wawili wanaoanza. Kuwagawa mara tatu ni kuua mbio. Waende pamoja, wakiachiwa kwa zamu, wajuzi mbele, kisha sekunde tano, wa kati, kisha sekunde tano nyingine, wanaoanza. Kila daraja lihesabiwe peke yake kwenye karatasi, na msimamizi amtaje kwa jina anayekaribia kupitwa, mapema, kabla ya njia iliyonyooka. Mota hapo zisiachane kwa zaidi ya hatua moja. 21.5 na 17.5 zinavumiliana uwanjani. 21.5 ikipitwa na modifaidi, dereva wake anashtuka, anakata usukani, na wote wawili wanamngoja mwokotaji.